Mfinyanzi na Kuta za Korongoni

Mfupa wa mkono ukivunjwa na jiwe hulia mara moja tu, kwa!, kama kibuyu kikavu kilichokanyagwa na ng'ombe. Niliusikia mlio huo mwaka jana, asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma, na hadi leo naweza kuutenganisha na milio mingine yote ya siku ile: matusi, mbwa, mawe yakigongana, wanaume wakihema kama watu wanaolima. Jumanne iliyopita nilikuwa dukani hapa Mbumbuni nikimpimia mteja ndengu wakati simu yangu ilipolia. Alikuwa binti wa mwenye mkono ule. "Mama ametuacha," akaniambia. "Alfajiri. Alikunywa uji kidogo, akalala, basi." Nikasema pole, nikasema pole tena, nikarudi kwenye mizani, na kabla sijatoa chozi nikausikia ule mlio, kwa!, hapa hapa kifuani. Mteja akaniuliza mbona namwaga ndengu zake.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnanijua. Mimi ndiye yule msichana wa kuota mchana. Niliwahi kuandika hapa kwamba Kikima ingefaa iwe na gari la kuning'inia kwenye waya, la kupandisha watu vilima vya Mbooni wakiwa wamekaa na chai yao, na wengine wenu mlinitumia ujumbe mkiuliza kama nimekula. Niliishia kidato cha nne, na hesabu ilinitupa chini kama gunia, lakini kuota hakuna mtihani, kwa hiyo huko mimi huwa wa kwanza darasani. Leo sitawachekesha sana. Mwanamke ninayemkumbuka alipigwa jiwe, na jiwe lile lilianza safari yake katika ukurasa huu huu mnaousoma. Jina lake sitalitaja, wala la korongo, wala la zile koo mbili zilizopigana, kwa sababu kesi ya shamba haijaamuliwa. Nitamwita Susu kama nilivyokuwa nikimwita, maana huku kwetu kila nyanya ni susu, awe wako au wa jirani.

Susu alikuwa mfinyanzi. Aliishi ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, na siku ya soko alikuwa akija na punda wake wawili wamebeba vyungu vilivyofungwa kwa nyasi, akavipanga kwenye kivuli cha duka letu la nafaka bila kuomba ruhusa. Mnunuzi akigusa chungu vibaya, alikuwa anampiga kofi la mkono. Hakuchagua: mke wa mchungaji alipigwa, mwalimu alipigwa, hata askari mmoja wa soko alipigwa, akacheka, akanunua. "Chungu inashikwa chini, haishikwi shingo," alikuwa akisema. "Wewe ukibebwa na shingo utafurahi?" Siku moja nikamuuliza udongo mzuri hivyo anautoa wapi. Akanijibu huku akihesabu vyungu vyake, "Kwa wale wa zamani. Huko kwenye korongo, kwa nyumba za mawe." Nikaacha kupima. Nyumba za mawe? Mimi nimezaliwa huku, na sijawahi kusikia nyumba za mawe za watu wa zamani. Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyeuliza jua ni la nani. "Kelitu," akasema, na hilo kwetu ni kumwita mtu msichana, "wewe unaandika gazeti na hujui nyuma ya nyumba yenu?"

Tulikwenda mimi na yeye. Pikipiki ilituacha mtoni, tukavuka mahali penye mawe, kisha tukatembea mwendo wa karibu saa tatu katika kichaka cha miiba ambacho kilinivua kitambaa cha kichwa mara mbili. Korongo lenyewe huwezi kuliona mpaka ukaribie kuanguka ndani. Ardhi inapasuka tu mbele ya miguu yako, kuta nyekundu zinashuka, na huko chini hakuna maji, kuna mchanga, na joto limekaa kama mtu aliyefunga mlango. Tukiwa tunashuka, Susu mbele na fimbo yake ya kuchimbia udongo, akanyoosha mkono nyuma akanisukuma kifuani hadi nikaketi. Kifutu mnene alikuwa amelala njiani, rangi yake na ya mchanga ni moja. Susu alimpiga. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akipiga hivyo: kichwani, kichwani, kichwani tena, bila hasira, hadi kichwa kikawa matope na mwili ukaendelea kujikunja wenyewe kama kamba inayotafuta kufunguka. Akafuta fimbo kwenye jiwe. "Sasa pita," akaniambia. Nikapita, na yeye akaanza kuimba wimbo wa kanisani.

Nyumba zilikuwa saba. Zilikuwa chini ya mwamba uliotokeza kama ukingo wa paa, mahali mvua haifiki, zimejengwa kwa mawe bapa yaliyopangwa moja juu ya jingine na udongo kati yake. Milango mifupi, unaingia umeinama. Ndani, dari ya mwamba ilikuwa nyeusi kwa moshi wa mioto ambayo wenyewe hakuna anayewakumbuka. Sakafuni palikuwa na mashimo laini ya kusagia nafaka, na kila mahali vigae vya vyungu. Nikaokota kimoja. Paa! Kofi la mkono. "Uliza kwanza," Susu akasema. Nikauliza, "Nimuulize nani?" Akafikiri. "Haya, niulize mimi." Nikamuuliza, akasema sawa, angalia, halafu rudisha pale pale. Kisha akanishika kidole, akakiingiza kwenye udongo kati ya mawe mawili ya ukuta. Palikuwa na kishimo cha kidole. Pembeni kingine, na kingine, safu nzima, alama za mtu aliyekuwa akisukuma udongo uingie. Kidole changu kilienea ndani kama kilipimiwa. "Hii ni mkono wa mwanamke," Susu akasema. "Wanaume labda walibeba mawe. Lakini kazi ya udongo, hii ni sisi." Nikasimama hapo nimeingiza kidole katika ukuta na machozi yakanitoka, halafu papo hapo, mnanijua, nikaanza kuota. Nikaona kibao barabarani. Nikaona watalii. Nikaona wanawake wa hapo wakiuza vyungu na uji, na mimi nikiwa mwongozaji mwenye kofia. Susu alikuwa ameinua kigae chenye mikwaruzo mitatu na nukta moja chini ya shingo, akaanza kusema, "Sasa hizi alama, ngoja nikuambie," nami nikamkatiza. Nikamwambia, "Susu, tutaweka choo ya wageni wapi?" Akarudisha kigae chini. Hakumaliza.

Ningempa nafasi ya kumaliza, labda leo ningekuwa nawaandikia kuhusu gari la waya. Niliporudi Mbumbuni nilimchorea baba yangu mdogo ile mikwaruzo. Yeye ni muuza asali, mtu wa kucheka na kila mtu, na ndiye aliyenilipia mtihani wa kidato cha nne baba alipougua. Tulikuwa hotelini tukinywa chai. Akachovya kidole kwenye chai, akaichora tena mezani, mikwaruzo mitatu na nukta. "Hii ni yetu," akasema polepole. "Babu yangu alichoma hii kwa kila mzinga wake. Kwa kila mshale. Hii ni alama ya ukoo, mama. Umeiona wapi?" Mzee wa kijijini kwetu akiona alama iliyokwaruzwa juu ya kitu, jambo la kwanza kumjia akilini ni ukoo, kwa sababu mizinga huachwa porini mwaka mzima bila mlinzi, na ile alama ndiyo mlinzi. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Ilikuwa nzuri mno. Wiki ile nikaandika hapa kwamba ukoo wetu ndio uliojenga nyumba za korongoni, kwamba alama ya mababu ingali pale. Mlipenda sana. Sikuwahi kupata ujumbe mwingi hivyo. Na nilichosahau, au nilichokijua nikakifunika, ni kwamba ukoo wetu na ukoo mwingine wamekuwa wakigombania shamba lile la ng'ambo, lenye korongo ndani yake, tangu kabla sijazaliwa, na kwamba wapimaji wa ardhi walikuwa wamekaribia kufika. Baba mdogo alitoa fotokopi za makala yangu hadi mashine ya watu ikaisha wino. Moja aliivalisha plastiki ngumu, akawapelekea kamati ya ardhi iwe ushahidi.

Siku ya soko iliyofuata Susu hakupanga vyungu. Alikuja moja kwa moja akanishika sikio, mbele ya wateja, akanivuta hadi nyuma ya magunia. "Nani alikuambia hiyo ni ukoo?"

"Baba mdogo."

"Baba mdogo amewahi kuchoma chungu?"

"Hapana, Susu."

"Aiii! Basi umeenda kumuuliza jogoo habari ya mayai." Akaniachilia sikio, akageuza mmoja wa vyungu vyake, akanionyesha chini ya shingo. Palikuwa na mkwaruzo mrefu na miwili mifupi. Akanieleza, safari hii nikiwa nimefunga mdomo, kwamba wafinyanzi hawachomi vyungu kila mtu kwao. Kuni ni shida. Wanawake sita, saba, wanakusanya vyungu vyao pamoja, wanavifunika kwa kuni na nyasi, wanawasha moto mmoja. Vikitoka vyote ni vyeusi na vyekundu, vyote vinafanana. Kwa hiyo kila mwanamke, kabla udongo haujakauka, anakwaruza alama yake, ya kwake peke yake, aliyojichagulia akiwa msichana. "Kule kwa zile nyumba nimehesabu alama kumi na moja," akasema. "Kumi na moja, kelitu! Kama hiyo ni koo, basi koo kumi na moja zilikuwa zinapika ugali kwa jiko moja. Hao ni majirani. Ni mtu na dada ya bwanake. Andika tena. Useme ulikosea."

Nikamwambia nitaandika wiki ijayo. Wiki ijayo nikaandika kuhusu mvua. Ile iliyofuata nikaandika kuhusu mbwa wa mwenye hoteli. Nyinyi mlisoma, mkacheka. Mimi nilikuwa namwogopa baba mdogo, na zaidi ya kumwogopa, nilikuwa nampenda. Watu wa ukoo walikuwa wakinisimamisha sokoni na kunishika mkono kwa mikono miwili. Ukiwa msichana aliyefeli hesabu, wazee wakikushika hivyo unajiona mrefu.

Halafu kamati ya ardhi ikatangaza siku ya kwenda kuona korongo kwa macho. Walikuja wazee wa kamati, mpimaji, na askari wawili wa chifu wenye rungu. Koo zote mbili zilikuja pia, na hawakuja kuona kwa macho. Wanaume walikuwa na panga zilizotiwa makali hadi zikawa nyeupe ukingoni. Niliona pinde. Niliona kijana wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya pili ambaye nikimsikia Jumapili hufumba macho, amefunga mnyororo wa pikipiki kwenye ngumi. Ukoo wa pili nao walikuwa wamekuja na kigae chao, maana walipita humo kabla yetu wakatafuta mpaka wakapata chenye mkwaruzo unaofanana na wa mizinga yao. Katika alama kumi na moja huwezi kukosa ya kwako. Basi wazee wawili wakasimama mbele ya mpimaji, kila mmoja ameinua kipande cha chungu kilichovunjika kama mtu anayeinua kichwa cha adui.

Susu akatoka nyuma, walikokuwa wanawake. Akajiingiza kati yao, mfupi, shuka lake limefungwa kiunoni. Akawaeleza yale aliyonieleza. Akaeleza vizuri sana, mpaka mpimaji akaacha kuandika akamsikiliza. Mzee wa upande wa pili akasema, "Mama, rudi nyuma. Hii ni maneno ya wanaume." Susu akamnyang'anya kigae mkononi, akakigeuza, akamwonyesha masizi. "Wanaume walipika na hii?" akauliza. "Wewe ulipika? Ulipika nini?" Watu wakacheka. Wote wangecheka pamoja tungerudi nyumbani. Lakini kijana mmoja wa upande wetu alicheka kwa sauti kuliko wengine, akaongeza neno kuhusu mama ya yule mzee, na mtoto wa yule mzee akampiga ngumi ya mdomo. Niliona jino likitoka. Liliruka polepole, au mimi ndiye niliyeliona polepole, na kabla halijatua chini kila mtu alikuwa amemshika mtu.

Nilikuwa nimewahi kuona watu wakipigana sokoni, vitisho vingi, mikono michache. Huku walinyamaza. Hilo ndilo lililonitisha. Panga ilishuka kwenye kichwa cha mtu niliyemjua, ngozi ikafunguka kutoka kwenye paji hadi nyuma ya sikio, ikaning'inia, na yeye akaendelea kupigana huku ameishikilia kwa mkono wa kushoto kama kofia inayopeperushwa. Mwingine aliketi chini ghafla na mshale pajani, akautazama kama kitu alichosahau kukinunua. Askari mmoja wa chifu alipigwa kwa rungu lake mwenyewe. Kijana wa kwaya alimpiga mtu aliyekwisha kuanguka, akapiga, akapiga, na nilijua namna ile ya kupiga, isiyo na hasira, niliiona juu ya kifutu. Halafu mawe ya mchangani yakaisha. Na hapo wakageukia kuta.

Nawaomba mlione hili kama nilivyoliona. Wanaume wa koo mbili, wote wamekuja kuapa kwamba mababu zao ndio waliojenga nyumba zile, walizivunja ili wapate mawe ya kurushiana. Walizibomoa kwa mikono na kwa miguu. Jiwe lililokuwa limekaa juu ya jiwe jingine tangu enzi za watu wasiokumbukwa, mtu alilichomoa, akalirusha, likavunja ubavu wa mwenzake. Udongo wenye alama za vidole ulikuwa ukianguka kama unga. Nyumba ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Kulikuwa na vumbi jekundu hata sikuona tena nani ni wa upande gani, na nadhani wao pia hawakuona. Susu alikwenda akaukumbatia ukuta wa nyumba ya tatu. Alifungua mikono yote miwili akaulalia, shavu kwenye mawe, akipiga kelele, "Niacheni hii! Niacheni hii moja!" Jiwe lilitoka kwenye vumbi. Sijui nani alilirusha. Hakuna anayejua, na wote wanajua. Lilimpata mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja, ukiwa umebanwa kwenye ukuta. Kwa!

Nilimfikia nikitambaa. Mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakulia. Alisema tu, "Wa kulia, kelitu. Angalia, ni wa kulia." Nikawa nafungua kitambaa changu nimfunge, na mtu akaniinamia. Alikuwa mmoja wa ukoo wetu, shati limejaa damu ya watu zaidi ya mmoja. Akanishika mkono, akautikisa kwa furaha. "Wewe ndiye yule wa gazeti!" akasema. "Asante sana, msichana wetu. Bila wewe hawa wangetumaliza." Kisha akaokota jiwe karibu na kichwa cha Susu, akarudi kwenye vumbi. Susu alisikia yote. Nikamfunga mkono, nikampeleka dispensari.

Polisi walikuja, risasi za juu zikapigwa, watu wakakimbia. Hakuna aliyekufa siku ile, na wengi wetu tulimshukuru Mungu kanisani kwa hilo, wakiwemo wale waliopiga, tena kwa sauti nzuri. Lakini mkono wa Susu ulikuwa na kidonda, na Susu alikuwa na sukari, na wenye ugonjwa huo nyumbani mnajua vidonda vyao vinavyokuwa. Kikakauka nje, kikaoza ndani. Baada ya miezi michache vidole viwili vilikuwa havisikii tena. Nilimtembelea mara nne. Alikuwa akijaribu kufinyanga kwa mkono wa kushoto, na chungu kinatoka kimeinama kama mlevi, naye anakitazama, anakipiga ngumi, kinarudi kuwa udongo. Mara zote nne aliniuliza kitu kimoja. "Umeenda kwa kamati?" Makala yangu ilikuwa bado kwenye faili. Habari ya wafinyanzi haikuandikwa popote, kwa sababu ngumi zilipoanza mpimaji alitupa daftari lake akajificha nyuma ya mwamba. Kwa karatasi zilizopo, korongo lilikuwa linaelekea kuwa letu, na baba mdogo alikuwa ameshazungumza na mtu wa kuchimba mawe ya ujenzi. Zile nyumba zilizobaki, yaani moja na nusu, zingekuwa kokoto. Mara zote nne nilimjibu, "Wiki ijayo, Susu." Mara ya nne hakukasirika. Hilo lilinichoma kuliko kofi. Alinikaribisha chai.

Tangu Jumanne nimekuwa nikifikiria hizi alama. Nadhani nimeelewa kidogo, kwa elimu yangu hii. Mwenye mzinga akiuchoma alama, anawaambia watu wasiguse. Ni haki yake, asali ina wezi. Lakini mwanamke akikwaruza chungu chake, anawaambia wenzake: hiki nilikifinyanga mimi, tukishamaliza kuchoma pamoja, nirudishieni. Alama yake haina maana yoyote kama hakuna wengine kwenye moto. Sisi, tangu wapimaji waanze kupita na vyuma vyao, kila mkwaruzo tunausoma kama ule wa mzinga. Tumekuwa watu wa kuwekeana "usiguse." Sioni ubaya wa hati ya shamba, nami naitaka siku moja, hata kama ni kipande cha kukaa kiti. Ubaya ni pale tunapotaka hata waliokufa watusaidie kumpiga jirani. Wale wa korongoni hatuwajui. Hatujui lugha yao, hatujui walikwenda wapi. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba walikuwa na vidole, na kwamba wanawake kumi na moja walichangia kuni. Nami niliyebahatika kuingiza kidole changu pale, nikakimbia kuandika kabla mwenye kujua hajamaliza sentensi yake. Anayeandika kwa haraka ili apendwe naye anarusha mawe, isipokuwa yeye husimama mbali, mikono yake ikiwa safi, na baadaye anashukuriwa.

Tulimzika Jumamosi. Mchungaji alimsifu kwa ukarimu, mtu mmoja akasema alikuwa mama mkali, na wale waliowahi kupigwa kofi la mkono, ambao ni karibu wote, wakacheka wakilia. Baba mdogo alikuja. Alisimama mbali na kaburi, kofia mkononi, hakunitazama.

Jana asubuhi sikufungua duka. Sikumuaga mtu yeyote wala sikumwambia baba mdogo. Nilikwenda ofisi ya ardhi peke yangu, nikamwambia karani nataka kuondoa makala yangu kwenye faili. Akasema karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki, hiyo ni sheria, lakini nikitaka naweza kuandika yangu nyingine iwekwe pamoja nayo. Akanipa karatasi yenye mistari. Nikaandika kwamba mimi ndiye niliyeandika ile ya kwanza, kwamba niliambiwa na mtu asiyejua na sikumsikiliza anayejua, kwamba zile ni alama za wanawake wafinyanzi na hazisemi shamba ni la nani. Nikaandika jina langu lote, lile la kanisani na lile la ukoo. Karani akatafuta pini, hakuwa nazo; akasema nisubiri akaulize ofisi ya pili, akatoka. Nilikaa na faili wazi mbele yangu. Makala yangu ilikuwa pale juu, na picha yangu ndogo pembeni, ninacheka. Nikiwa mtu wa duka la nafaka, mkobani sikosi sindano ya gunia na uzi wake. Nikaweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani, nikatoboa zote mbili pembe zote nne, nikazishona. Nilishona taratibu, mishono mikubwa ya gunia, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno.